Machicha, maji na ugali uliopoa: mtoto wa mwaka mmoja na nusu achezee nini?

"Shikamoo daktari. Nina binti wa mwaka mmoja na miezi saba. Tunaishi ghorofa ya tatu hapa Dar es Salaam, hatuna uwanja. Kwenye simu naona video za akina mama wanawapa watoto mchele wa rangi, maharage, unga, zile shanga zinazovimba kwenye maji na ule ute wa kuvutika, na wanasema mtoto asipochezea vitu hivi ubongo unadumaa. Nikatia rangi kilo mbili za mchele, nikachanganya na maharage. Alichota konzi akajaza mdomoni, akapaliwa, nikampiga mgongoni akatapika. Siku nyingine nikampa unga uliolowana, akalia huku amenyoosha mikono juu mpaka nikamnawisha. Hata ugali ukimganda vidoleni analia. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, anasema kuchezea chakula ni kufuru, na kwamba mtoto anayeogopa kushika uji ana tatizo kichwani. Je, niendelee au niache? Na mwanangu ana tatizo?"

Marahaba mama. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa utengamao wa watoto. Hospitalini wanatuita OT (occupational therapist), yaani wanaomsaidia mtoto kumudu kula, kuvaa na kucheza, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa mkekani na mtoto na beseni. Kwa kifupi: endelea kumchezesha, ila huo mchele wenye maharage uondoe leo, na usimshike mkono kwa nguvu kumgusisha kitu chochote. Maelezo ndiyo haya.

Kwanza nikuulize: tangu siku ile alipopaliwa, anakohoa? Kifua kinalia kama filimbi akipumua, hasa usiku? Kama ndiyo, hata kama ni kikohozi cha kuja na kuondoka, mpeleke hospitali na useme waziwazi kwamba alipaliwa na maharage. Punje ikiingia kwenye njia ya hewa inaweza kukaa kimya siku kadhaa, inafyonza unyevu na kuvimba, kisha inaleta nimonia inayorudi kila dawa zikiisha. X-ray mara nyingi haionyeshi punje ya mmea, kwa hiyo maelezo yako ndiyo yatakayomwelekeza daktari. Kuna watoto wanaotibiwa kifua mara mbili tatu kwa sababu nyumbani hakuna aliyekumbuka kutaja karanga ya wiki iliyopita. Kama hana dalili hizo, anacheza na anakula kama kawaida, shusha pumzi.

Kumpiga mgongoni ulifanya sawa. Mtoto aliyevuka mwaka mmoja akikabwa na asiweze kukohoa wala kutoa sauti, mwinamishe mbele, mpige kwa kiganja katikati ya mabega mara 5. Isipotoka, pita nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu chini ya mbavu, vuta kwa ndani na juu mara 5, kisha rudia, na mtu mwingine awe anatafuta usafiri. Usiingize kidole mdomoni kutafuta kitu usichokiona, utakisukuma chini zaidi. Lakini akiwa anakohoa kwa nguvu, mwache akohoe. Kikohozi chake kina nguvu kuliko mkono wako.

Sasa hizo video. Nyingi ninazoonyeshwa na wazazi hazisemi umri wa mtoto aliyemo, na ukitazama vizuri mara nyingi ni wa miaka mitatu au minne. Binti yako yuko kwenye umri ambao mdomo bado ni kifaa cha uchunguzi. Midomo na ulimi vina miisho ya neva iliyosongamana kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili, kwa hiyo anapotaka kujua kitu kikoje, anakipeleka huko. Huo si utundu wala njaa. Tabia hiyo hupungua polepole kati ya miaka miwili na mitatu. Hadi hapo, nunua au pika ukijua kwamba kila utakachomwekea mbele kitaliwa. Maharage, mahindi makavu, karanga, njugu mawe, mbegu za ukwaju, shanga na vifungo viwekwe mbali mpaka avuke miaka mitatu. Na havihatarishi mdomo peke yake. Watoto huvisokomeza puani na masikioni pia, na huko ukimwagia maji ili kuvitoa, punje inavimba na kukwama. Usiguse, mpeleke.

Zile shanga zinazovimba ndizo zinazonitisha kuliko vyote, kwa sababu zinapendeza na zinauzwa kama kitu cha watoto. Ni plastiki inayofyonza maji. Ikiwa kavu ni ndogo kama ulezi, na ikikaa kwenye maji saa kadhaa inakuwa kama zabibu au zaidi. Ikimezwa, inaendelea kukua ndani ya utumbo mpaka inauziba, na kwenye X-ray ya kawaida haionekani. Mwaka 2023 mtoto wa miezi kumi alifariki huko Wisconsin, Marekani, na kabla mwaka haujaisha maduka makubwa ya huko yaliacha kuziuza kama vitu vya kuchezea watoto. Zisiingie nyumbani kwako, hata za kupambia maua, kwa sababu moja tu ikidunda chini ya kochi atakayeiokota ni yeye.

Ule ute wa kuvutika kwa kawaida hukandwa kwa gundi na boraksi, na boraksi ni sumu ikimezwa. Hilo halihitaji maneno mengi.

Unga mbichi wa ngano unaonekana mpole, lakini ni zao la shambani ambalo halijapita motoni. Linaweza kubeba vijidudu vya E. coli na Salmonella, na ndiyo sababu hatuli donge la chapati bichi. Yale madonge ya video yanayotengenezwa kwa unga na chumvi yana shida nyingine. Nusu kikombe cha chumvi ni zaidi ya gramu 100, wakati mtoto wa umri huu, kwa mwongozo wa Uingereza kwa mfano, asizidishe gramu 2 kwa siku kutoka kwenye vyakula vyote. Kipande kikubwa cha donge hilo kinaweza kupandisha chumvi kwenye damu hadi degedege. Wengi huambiwa kwamba kila kilichotoka jikoni ni salama. Hapana. Kilichopikwa, kisicho na chumvi nyingi, kinachoyeyuka mdomoni, hicho ndicho salama.

Kuhusu ubongo kudumaa: hakuna mtoto aliyedumaa kwa kukosa mchele wa rangi. Vinavyomrudisha mtoto nyuma ni lishe duni, maradhi ya mara kwa mara, na kukaa siku nzima bila mtu wa kumjibu anapotamka au kuonyesha kitu. Programu yetu ya taifa ya malezi na makuzi, ile PJT-MMMAM iliyozinduliwa Desemba 2021, imeweka malezi yenye mwitikio na ujifunzaji wa awali kati ya nguzo zake tano, sambamba na afya, lishe na ulinzi. Mwitikio maana yake uko hapo, unaona anachofanya, unamjibu. Mama anayemwagia mtoto mchele wa rangi kisha akarudi kwenye simu hajampa kitu kikubwa.

Lakini pia nisiupuuze mchezo wenyewe, kwani kuna kitu cha kweli ndani yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha mwaka 2013 kazi waliyoifanya na watoto wa miezi 16. Waliwapa vitu vya majimaji na rojorojo, kama mchuzi wa matufaha, wakawafundisha majina ya kubuni, kisha wakapima nani ameyashika. Vitu visivyo na umbo ni vigumu kwa mtoto kuvipa jina, maana kikombe ni kikombe hata ukikigeuza, ila uji unafuata bakuli. Waliokaa kwenye viti vyao vya kulia chakula na kuvuruga vile vitu kwa mikono, wakavipaka mezani na kuvirusha, ndio waliojifunza vizuri zaidi. Mkono ulikuwa unawaeleza kile ambacho macho peke yake hayakutosha kueleza: kinateleza, kinanata, kinadondoka polepole.

Ukiusoma utafiti huo kwa macho ya kwetu, utaona kwamba binti yako ana darasa hilo kila akila. Mtoto anayefinya tonge la ugali, akalibonyeza kwa dole gumba na kuchovya mchuzi, anapima joto, uzito, unyevu na nguvu ya vidole kwa wakati mmoja. Wazazi wa mjini siku hizi wanalisha kwa kijiko hadi mtoto ana miaka mitatu ili nguo zisichafuke, kisha wananunua vifaa vya kumfundisha kutumia vidole. Samahani, hilo linanikera kidogo.

Na hapa nataka nisimame upande wa mama mkwe wako kwa dakika moja. Kilo mbili za mchele ni chakula cha familia, na kwa mtu aliyewahi kuona ghala tupu, kuutia rangi na kuumwaga ni jambo linaloumiza. Usibishane naye kwa video. Mpe mtoto kile ambacho jiko lingekitupa, au kitakacholiwa baadaye.

Siku mnayopika wali wa nazi, ukishakamua tui, weka machicha kwenye sinia, mkalishe mtoto sakafuni juu ya kanga kuukuu, mpe kikombe cha plastiki na chujio. Machicha yana unyevu bila kunata, hayaumizi akiyaonja, ila asijaze mdomo. Yanaminywa yakashikana, yanaachiwa yakasambaratika. Ile mbuzi ya kukunia ifichwe kabla hujaanza. Maji ya kwanza ya kuoshea mchele ni meupe kama maziwa, na vikombe viwili na kijiko vikizama humo vinamtosha. Maganda ya ndizi mbivu na majani ya maboga yanachanwa. Wewe ukikanda chapati, na yeye apewe lake: ugali laini uliopoa, umekandwa na mafuta kidogo usishike mikono. Unakaa siku moja tu, kwa joto la Dar jioni utakuwa umechacha.

Ukitaka kitu chenye kuteleza, chukua konfulawa vijiko vikubwa vitatu kwa kikombe kimoja cha maji, koroga ikiwa baridi, kisha pika kwa moto mdogo huku ukikoroga. Kwa dakika kadhaa itabaki maji meupe na utadhani umekosea, mara ghafla inakuwa nzito na kung'aa: chembechembe za wanga zimenyonya maji ya moto, zimevimba na kusongamana. Ipoze kabisa, maana juu inapoa na katikati inabaki inaunguza. Pitisha kidole chako hadi chini ya bakuli. Rangi ipatikane kwa maji ya bitiruti au rozela. Manjano ni nzuri pia, ila itakaa kwenye kanga hiyo mpaka kanga iishe.

Maji kwenye beseni ndiyo mchezo bora kuliko yote, na ndiyo unaohitaji jicho kuliko yote. Mtoto wa umri huu anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita 5, kimya kimya, kichwa kikiwa kizito kuliko nguvu ya shingo yake kukiinua. Ndoo ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa akitumbukia haianguki. Simu ikiita, mbebe uende naye au acha iite. Mkimaliza, mwaga.

Mchanga na udongo sikukatazi, ingawa mko ghorofani. Ila usiuchote kwenye lundo la ujenzi mtaani: paka huligeuza choo, na pakiwa na mabaki ya saruji, ikilowa inaunguza ngozi. Chukua mchanga safi, uchekeche, uuweke kwenye beseni lenye mfuniko, na mnawishe kwa sabuni baada ya mchezo. Akiwa anakula udongo kila siku kwa makusudi, si kuonja tu, ataje kliniki apimwe damu, kwani upungufu wa madini ya chuma huendana na tabia hiyo. Na usiruke dawa za minyoo na matone ya vitamini A zinazotolewa kila baada ya miezi sita.

Sasa mikono inayonyooshwa juu. Swali hili umelitaja mwisho, lakini nadhani ndilo linalokukosesha usingizi.

Ngozi ya mikono ina vipokezi vya aina mbalimbali: vingine vinasikia mguso mwepesi, vingine mkandamizo, vingine joto na baridi. Taarifa zote zinapanda kwenye ubongo, na kazi kubwa ya ubongo ni kuchuja, ili wewe usihisi nguo yako mwilini kila dakika. Kichujio hiki watoto hawakuzaliwa nacho sawa. Kuna anayehitaji kugonga na kujipaka ndipo ahisi kitu, na kuna ambaye mguso mdogo tu unamfikia kwa kelele. Jean Ayres, OT wa Marekani aliyeanza kuandika juu ya mambo haya miaka ya 1960, ndiye aliyetupa namna ya kuyatazama. Sehemu za nadharia yake bado zinabishaniwa, lakini kwamba watoto hutofautiana katika kuvumilia mguso, hilo kila mlezi wa chekechea analijua.

Tazama alichokataa. Mchele mkavu aliuchota bila wasiwasi. Kilichomliza ni unga uliolowana na ugali ulioganda. Mchele ukiuachia unadondoka, ila kinachonata hakitoki hata ukifungua mkono, na kwa mtoto asiyejua bado kujifuta, hilo linatisha. Kwa hiyo tiba yake ni kumpa uwezo wa kukiondoa. Weka kitambaa kibichi mahali anapokifikia mwenyewe, na bakuli la maji pembeni. Mwonyeshe: unagusa, unafuta, basi. Watoto wengi wakishajua njia ya kutokea iko wazi, huingia wenyewe.

Anza na vikavu na vyenye unyevu kidogo, kama machicha. Kisha vinavyonata apewe kupitia kifaa: kijiko au mswaki mkuukuu. Au tia ile konfulawa kwenye mfuko wa plastiki mgumu, ufunge kwa selotepu, abonyeze kwa nje ukiwa umekaa naye. Mfuko ukitoboka, mchezo umekwisha. Mkandamizo wa nguvu ya wastani hupokelewa vizuri kuliko mguso wa juujuu, hivyo kabla ya mchezo msugue viganja kwa taulo, umpigishe makofi, asukume beseni sakafuni. Wewe uchafuke kwanza, tena kwa furaha. Dakika tano zinatosha. Akisema hapana kwa mikono yake, mfute na mwendelee na jambo jingine bila kusikitika mbele yake. Ukimlazimisha, ubongo unaandika kwamba ilikuwa hatari kweli, na kesho atalia akiliona bakuli tu.

Inachukua wiki, wakati mwingine miezi. Wapo watakaobaki watu wazima wasiopenda unga mikononi, na wanaishi vizuri tu.

Je, ni dalili ya usonji? Ugumu wa hisi umo kwenye vigezo vya usonji vinavyotumiwa na wataalamu wengi tangu 2013, lakini kama kipengele kimoja kati ya vingi, na peke yake hautoshi kusema chochote. Ninachotaka kujua ni haya: Ukimwita jina anageuka? Anakunyooshea kidole ndege ikipita, ili na wewe uione? Ana maneno matatu au zaidi mbali na mama na baba? Anakuletea kitu mkononi, anaiga ukifagia, anakutazama usoni mkicheka? Kama mengi ya haya yapo, una binti asiyependa vidole vya kunata, basi.

Ila usisubiri kama hanyooshi kidole wala kuitika. Kama ameacha maneno au ujuzi aliokuwa nao. Kama anatumia mkono mmoja tu na mwingine umekunjwa. Au kama kinachomsumbua kimevuka mikono kikaingia kwenye chakula, akawa anakubali vyakula viwili vitatu tu, anatapika akiona kingine, na uzito kwenye kadi ya kliniki umesimama au unashuka. Vilevile kama kuoga, kuvaa na kukata kucha vimekuwa vita vya kila siku vinavyowachosha nyote. Anzia kliniki yenu ya watoto, beba kadi, omba rufaa. Muhimbili na CCBRT kwa Dar, na KCMC kwa Kaskazini, wana wataalamu wa utengamao wa watoto. Ukifika mapokezi ulizia OT.

Kabla ya kwenda, mrekodi kwa simu akila ugali na akicheza na maji, dakika moja moja. Chumba cha hospitali humfanya mtoto mwingine kabisa, na video hizo zitanisaidia kuliko kumgusa mikono yake siku ya kwanza. Na kama mama mkwe ana nafasi, njoo naye. Bibi anayeshinda na mtoto huona mengi, nami nitakuwa na maswali yake pia.